Mwongozo wa Kupeleka Muziki Baharini, Safari Ikianzia Handeni

Mtu atakayenunua spika mara mbili ndani ya mwaka mmoja hajifichi. Akifika kwa fundi, neno lake la kwanza ni wati. Anataka sabufa ya inchi 12, amplifaya ya kutikisa gati na taa za rangi zinazocheza na mdundo. Ukimuuliza boksi litatengenezwa kwa mbao gani, anakunja uso: “Kwani mbao si mbao tu, fundi?” Bwana huyu ana mashua Pangani, inapeleka wageni kwenye fungu la Maziwe. Kabla masika hayajaisha boksi lake litakuwa limevimba, pembe zimeachia, besi imegeuka mkoromo, na yeye atamlaumu aliyemuuzia spika.

Mwongozo huu umeandikwa kumwokoa yeye, na wewe pia kama una dalili zake. Unasimamia jambo moja: uzuri wa muziki wa chomboni huamuliwa na mbao, na kazi yote ya mbao imalizwe bara, Handeni au Korogwe, kabla ubao haujaonja chumvi. Hatua zifuatwe kwa mpangilio. Anayeruka hatua ataianza upya, safari hii akiwa amelipakata boksi bovu ndani ya basi kutoka Pangani.

Hatua ya 1: Shukuru kwamba Handeni hakuna bahari

Watu wa Pangani wakisikia boksi la mashua limetengenezwa Handeni, wanacheka. Waache wacheke. Wakimaliza, waulize kwa nini milango yao inagoma kufunga kila masika.

Ubao unapumua. Hewa ikiwa na unyevu, ubao unaunywa na kunenepa. Hewa ikikauka, unautoa na kukonda. Hufanya hivyo maisha yake yote, hata ukishakuwa meza au kitanda, na hunenepa kwa upana, urefu wake ukibaki karibu uleule. Pwani hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na chumvi inayotua juu ya mbao huvuta unyevu mwingine na kuushikilia. Handeni ni nchi kavu. Anayeifahamu anayajua malambo yake na foleni za ndoo. Ukame huohuo unaowatesa akina mama wa Handeni ndio unaokausha mbao vizuri, na si vibaya shida ikalipa angalau kidogo.

Kwa hiyo ubao ukaushwe, ukatwe, uunganishwe na uzibwe bara. Ukizibwa pande zote ukiwa mkavu, utashuka pwani na ukavu wake. Ukizibwa ukiwa na maji, umeyafungia ndani, na maji yaliyofungiwa hutafuta njia ya kutoka hadi yaipate, kwa kawaida chini ya vanishi uliyoilipia. Korogwe na Handeni zimeunganishwa kwa lami ya kilomita 65, hivyo kisingizio cha kusema mbao ziko huku na fundi yuko kule hakipokelewi.

Kalenda nayo iheshimiwe. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, ndiyo miezi ya kuziba. Machi hadi Mei ni miezi ya jembe. Fundi anayekupakia vanishi huku mvua inagonga bati anakutengenezea kazi ya mwaka ujao.

Hatua ya 2: Ujue mti kabla ya kuuliza bei

Tanga haina uhaba wa mbao, ina uhaba wa wanunuzi wanaozijua. Hii hapa orodha ya kwenda nayo sokoni.

*Mninga.* Mti wa miombo, ule wa misitu ya Handeni na Kilindi. Sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka hausinyai sana wala haupindi. Ndiyo maana mafundi wa samani wanaupenda, na ndiyo maana unafaa kwa fremu ya boksi. Bei yake itakuuma. Vumilia.

*Mvule.* Hauliwi na mchwa kirahisi, unastahimili maji, na mafundi wa vyombo wa pwani wameutumia tangu enzi za mababu. Una tabia mbili za kuziogopa. Ndani yake mara nyingine mna vijiwe vigumu vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza kifua. Fundi anayeupiga msasa bila barakoa anajionyesha shujaa asubuhi na kukohoa jioni. Mnunulie barakoa, ni sehemu ya gharama ya mbao.

*Mtiki.* Jirani yetu Muheza ana shamba la serikali la Longuza, miguuni mwa Usambara Mashariki, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayokataa maji, na dunia nzima umetumika kujengea meli. Hapa ndipo watu wanapoibiwa: mtiki uliovunwa mchanga una sehemu kubwa ya ule ubao mweupe wa nje, ambao hauna kinga ya moyo wa mti. Ukiuziwa mtiki mweupe kwa bei ya mtiki mwekundu, umenunua jina.

*Mkongo.* Pwani wengine huuita mbambakofi. Mgumu, mzito, hudumu. Utumie kwa miguu na mikono ya kubebea. Ukitengeneza boksi zima kwa mkongo, utahitaji vijana wanne wa kulibeba na nahodha atalikataa.

*Mpingo.* Mtu akikushauri boksi la mpingo, mshukuru na uondoke. Mpingo una uzito unaoufanya uzame majini, na dunia inauhitaji kwa zumari na klarineti. Huo mti tayari una muziki wake, uache.

*Mwembe.* Ngalawa nyingi zimechongwa kwa gogo la mwembe, na kwa ngalawa unatosha, kwa kuwa mvuvi anajua atachonga nyingine. Kwa boksi unaoza mapema na wadudu wanaupenda.

*Msindano na saiprasi.* Zinatoka Shume kule Lushoto, na msindano mwingine unakuja kutoka Sao Hill, Mafinga. Nyepesi, za bei nafuu, zinakatika vizuri. Zinakubalika kwa sharti moja: zizibwe bila kubakiza hata tundu la sindano, kwa sababu zenyewe hazina kinga ya kutosha dhidi ya maji.

*Chipbodi na MDF.* Sebuleni MDF ni mbao nzuri ya spika, kwa kuwa ni nzito na haina mlio wake. Baharini inanyonya maji pembeni, inavimba kama andazi, na haikondi tena. Chipbodi hufanya hivyohivyo kwa haraka zaidi. Anayeipeleka MDF tupu chomboni amenunua uji mkavu.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wanakipita wakikimbilia mashine za kupasulia mbao: mbao za zamani. Mlango wa mvule kutoka nyumba iliyobomolewa, au kitanda cha bibi kilichosimamishwa nyuma ya choo, ni ubao uliokauka kwa miongo. Umeshapinda kila ulipotaka kupinda. Ng’oa misumari yote, upige randa, na utapata ubao ambao hakuna kiwanda kitakachokuuzia leo. Kabla ya kuuchukua mwombe bibi ruhusa, kwa heshima na kwa pesa.

Hatua ya 3: Omba karatasi bila kuona haya

Mbao za msituni zinalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ubao halali una risiti ya malipo, una alama ya nyundo ya misitu, na ukisafirishwa una hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Muuzaji akisema “karatasi zipo, lakini ziko nyumbani,” mwambie nawe pesa iko nyumbani.

Usipakie mbao zisizo na karatasi usiku ukidhani vizuizi vimelala. Lori linalopita Segera gizani likiwa na mninga chini ya magunia ya machungwa linajulikana kwa harufu ya woga. Mbao zitataifishwa, faini utalipa, na muziki hutausikia.

Mimi hili nalitilia mkazo kwa sababu moja. Mninga na mvule hukua polepole sana, na misitu ya Handeni imeshapoteza kiasi kikubwa kwa mkaa na msumeno. Boksi moja la muziki linahitaji ubao mchache. Ubao huo mchache utoke mahali panapofahamika, ili mjukuu wa mtu naye apate wa kwake.

Hatua ya 4: Usiliamini neno “umekauka”

Mazungumzo haya yanafanyika kila siku Manundu pale Korogwe na Chanika pale Handeni:

“Fundi, huu ubao umekauka?”

“Mjomba, huu umekauka kabisa. Ushike mwenyewe.”

“Mbona mzito?”

“Ndiyo uzima wake huo, mjomba.”

Mjomba anashika, anatikisa kichwa kama mjuzi, analipa. Mkono haupimi unyevu. Mizani ndiyo inayopima.

Fanya hivi. Kata kipande cha ubao uleule, kitoke katikati na siyo mwishoni, kwa sababu ncha za ubao hukauka mapema na kudanganya. Paka rangi ya mafuta kwenye vichwa vyake ili kisikauke kabla ya ubao wenyewe, kisha kipeleke kwa mwenye duka la sukari, akipime, uandike uzito juu yake kwa kalamu. Kiweke kivulini penye upepo. Kipime tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, ubao una maji. Uzito ukisimama palepale wiki mbili mfululizo, ubao umepatana na hewa ya Handeni na kazi inaweza kuanza. Mwenye duka atakushangaa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu ataanza kukuuliza kipande kimefikia ngapi.

Ubao wenyewe wakati huo usitupwe juani. Jua kali hukausha nje upesi kuliko ndani, na ubao hupasuka. Upange chini ya paa, juu ya mawe ili mchwa wa Handeni wasipate ngazi, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Paka rangi ya mafuta kwenye vichwa vya mbao, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kupitia hapo na ndipo nyufa zinapoanzia.

Hatua ya 5: Chemsha plaiwudi

Sasa fumbo la kazi yote. Kuta pana za boksi zisitengenezwe kwa mbao za kuunganisha. Zitanenepa na kukonda, maungio yataachia, na boksi litavuja hewa. Boksi linalovuja hewa halina besi. Kuta ziwe plaiwudi ya milimita 18, ambayo matabaka yake yamepishana na hivyo yanazuiana yasitanuke. Mbao zako nzuri ziwe fremu, pembe na miguu.

Duka la vifaa vya ujenzi litakuonyesha ubao mweusi unaong’aa na kukuambia ni marini bodi. Ubao huo kazi yake hasa ni kumwagia zege. Ngozi yake nyeusi inazuia maji, lakini ukishaukata, pembeni hapana ngozi tena, na gundi ya ndani inaweza kuwa njema au mbovu. Plaiwudi ya vyombo hasa huwa na alama ya kiwango cha Uingereza, BS 1088, na haipatikani kila duka. Kwa hiyo usibishane na muuzaji kuhusu jina. Mwombe kipande kilichobaki, uende nacho jikoni.

Kwanza kitazame pembeni. Matabaka mengi membamba ni bora kuliko machache manene, na ukiona mapengo ndani yake, hayo ni makazi ya maji ya baadaye. Kisha kichemshe kwa muda wa saa 4. Kikaushe usiku kucha mahali pa joto. Kesho yake kichemshe tena kwa muda uleule. Maabara za Ulaya hupima plaiwudi ya nje kwa utaratibu wa namna hiyo, na sufuria yako inatosha kukupa jibu. Matabaka yakifunguka, mrudishie muuzaji kipande chake kikiwa bado cha moto na usiseme neno. Yakishikamana, nunua shiti nzima siku hiyohiyo kabla shehena haijabadilika.

Hatua ya 6: Unga boksi bila kubania gundi

Gundi nyeupe ya kutengenezea sofa ni ya sofa. Ikikaa na maji inalegea. Tumia epoksi, yaani gundi ya makopo mawili, na ufuate kipimo cha mtengenezaji bila kuongeza wala kupunguza. Mafundi wa faiba wamezoea kuongeza dawa ya kukausha ili kazi iishe mapema. Kwenye epoksi tabia hiyo haifai: ukizidisha kopo la pili, ziada inabaki ndani bila kuungana na chochote, na gundi inabaki teketeke. Changanya kidogokidogo. Ukijaza kopo kubwa litapata moto lenyewe, litafuka moshi, na litagandana na brashi ndani.

Mtiki una mafuta. Upanguse kwa thina dakika chache kabla ya kupaka, vinginevyo gundi itaukataa. Kwenye kona za ndani, changanya epoksi na unga laini wa msumeno hadi iwe nzito ya kusimama, kisha uipitishe kwa kidole chenye glovu upate mviringo. Kona iliyofanywa hivyo haivuji hewa na ina nguvu kuliko misumari.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Nenda dukani na sumaku: skrubu ya rangi ya dhahabu inayoruka na kunasa kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa, na itaanza kulia machozi mekundu mwezi wa pili. Misumari ya chuma kwenye mtiki na mvule huacha madoa meusi pia.

Ndani ya boksi, tia sufi. Ndiyo, sufi ya mito, inayotokana na msufi. Inatuliza mwangwi wa ndani, na kwa kuwa nyuzi zake hukataa maji, zamani dunia iliitumia kujazia majaketi ya kuokolea. Inashika moto haraka, kwa hiyo ifungwe kwa kitambaa na ikae mbali na waya zinazopata joto.

Hatua ya 7: Ziba pale usipopathamini

Watu hupaka vanishi nzuri mbele ya boksi, mahali wageni wanapopaona. Maji hayaingilii hapo. Yanaingilia kwenye kichwa cha ubao, kwenye ukingo wa tundu la spika, kwenye tundu la skrubu, na chini ya boksi ambako hakuna aliyeinama kutazama.

Anza na ukingo wa tundu la spika. Umeukata kwa msumeno, kwa hiyo matabaka yote ya plaiwudi yamebaki wazi duara zima. Upake epoksi, usubiri uinywe, upake tena, na uendelee hadi ukatae kunywa. Kwa matundu ya skrubu: toboa tundu pana kuliko skrubu, ulijaze epoksi, uiache igande, kisha utoboe upya katikati yake. Skrubu sasa imekaa ndani ya epoksi na haigusi ubao kabisa. Kazi hii inachosha. Fundi atakuomba airuke. Mkatalie kwa upole na umletee chai.

Kisha boksi zima, ndani na nje, lipate epoksi mara tatu. Paka jioni, joto likianza kupungua. Ukipaka asubuhi ubao ukiwa unapata moto, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoka, na epoksi yako inajaa vipovu vyenye matundu. Epoksi ikiganda, wakati mwingine huacha utando wa nta juu yake. Uoshe kwa maji safi, ukauke, upige msasa namba 120, ndipo upake tena. Anayepaka juu ya utando huo atabandua kazi yake kwa kucha.

Usiishie hapo. Jua la Pangani linaila epoksi na kuifanya unga wa manjano. Juu yake paka vanishi ya nje yenye kinga ya jua, au rangi ya mafuta. Ushauri wangu ni rangi nyeupe au ya krimu. Boksi jeusi linapendeza dukani, lakini likikaa juani linapata joto la kuweza kuilegeza epoksi iliyogandia kwenye hewa ya kawaida. Weusi uwe wa wavu wa spika.

Dawa zifuatazo zimepigwa marufuku na mwongozo huu. Oili chafu ya gari, kwa kuwa rangi haishiki juu yake na inapaka nguo za abiria. Deheni, ambayo ni ya chini ya chombo na huko inafanya kazi ya heshima. Sifa, mafuta ya samaki yanayolinda mbavu za jahazi, kwa kuwa mgeni aliyelipa nauli hapaswi kukaa karibu na taarabu inayonuka papa. Na mfuko wa nailoni uliozungushwa selotepu, ambao hautoi maji nje ila unayatunza ndani.

Hatua ya 8: Lijaribu kabla halijaona bahari

Funga spika kwa ringi ya mpira; tyubu ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vizuri inafaa kwa kuanzia. Sukuma koni ya spika taratibu kwa vidole vyote, uiachie. Ikirudi polepole, boksi halivuji hewa. Ikirudi mara moja, kuna mwanya. Pitisha moshi wa udi kwenye maungio wakati besi inapiga, na utauona moshi ukichezacheza palipo na tundu.

Kisha lipime kwenye mizani ya yule rafiki yako wa sukari. Liweke nje, limwagie maji asubuhi na jioni siku nzima, likauke juu, ulipime tena. Uzito ukiongezeka, maji yameingia. Bora ulijue hilo Korogwe, ambako fundi yuko, kuliko katikati ya mkondo wa Pangani.

Mwisho piga muziki. Piga nyimbo za Black Star wa Tanga, ile taarabu ya Bi Shakila Saidi, maana ina gitaa la besi la wazi na sauti ya mtu juu yake. Weka kiganja kwenye kila ukuta wa boksi. Ukuta unaotetemeka mkononi unaimba wimbo wake; tia taruma la ubao ndani yake, kama mashua inavyotiwa mataruma, hadi unyamaze. Boksi zuri linatoa sauti ya mwimbaji na kuificha ya kwake.

Hatua ya 9: Lifunge chomboni kwa adabu

Kila spika ina sumaku. Kila sumaku inaidanganya dira. Washa injini, simamisha chombo, sogeza spika huku mwenzako akitazama dira. Sindano ikicheza, spika ihame. Nahodha anayefuata dira iliyodanganywa na sabufa atafika mahali, ila patakuwa si pale.

Boksi likae chini, juu ya miguu ya mkongo, lisiguse ngama. Uzito ukiwekwa juu ya paa unayumbisha chombo kwenye mawimbi. Waya ushuke chini ya tundu lake kwanza, kisha upande kuingia, ili maji yanayoufuata yadondoke kabla ya kufika ndani. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu moto huanzia kwenye waya mrefu usiolindwa. Koni ya spika iwe ya plastiki. Ya karatasi italegea hata boksi likibaki zima.

Majaketi ya kuokolea hayahami kulipisha boksi. Hayo ndiyo yenye nyumba, muziki ni mgeni. Sauti nayo iwe ya kiasi ambacho nahodha anasikia injini yake na mtu akiita “maji!” anasikika. Ukikaribia Maziwe, zima kabisa. Kasa hutaga pale, na mayai yao hulazimika kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasisombwe na maji. Wana shida za kutosha bila singeli.

Hatua ya 10: Rudi kulitazama

Kila mwaka, kabla masika hayajaanza, fungua skrubu, toa spika, ingiza mkono ndani ya boksi na upapase kona zote. Tazama chini yake. Tazama ukingo wa tundu. Vanishi ikipauka, ipige msasa na upake upya kabla jua halijafika kwenye epoksi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utauziwa kwa bei ya shiti nzima ya plaiwudi.

Makopo mawili madogo ya epoksi, kipande cha msasa na brashi viwe chini ya kiti cha nahodha mwaka mzima. Ukiona mkwaruzo, usingoje fundi wala mwisho wa msimu: osha chumvi, kausha, kwangua, ziba siku hiyohiyo.